Umefika Uganda juzi? Namna ya kushukuru watu na kuwatendea wema

Maswali ni yale yale. Mwanafunzi aliyetoka Mwanza kuja kusoma Makerere anauliza amlipe nini jirani aliyemletea sahani ya matoke. Mfanyabiashara wa Bukavu aliyepanga chumba Katwe anauliza kama ni aibu kwenda msibani mikono mitupu. Mwingine ametoka Nairobi, anashangaa mama muuza chapati anamshukuru kwa kwenda kazini, ilhali kazi yenyewe ni ya ofisini na haimhusu mama huyo hata kidogo. Nimewajibu wengi mmoja mmoja. Sasa nimeyaweka yote hapa.

Kama huna muda wa kusoma mpaka mwisho, shika hili moja: Uganda, na hasa Buganda, yaani eneo la Waganda lenye Kampala ndani yake, mtu hushukuriwa kwa kazi yake. Hawangoji awape zawadi ndipo waseme asante. Anayelima anashukuriwa kwa kulima, anayepika kwa kupika, anayeendesha gari kwa kuliendesha, tena kwa kuitaja kazi yenyewe. Mgeni asiyelijua hilo huonekana ana kiburi hata akiwa mpole kama nini, na mara nyingi hujaribu kuziba pengo kwa pesa. Pesa haizibi pengo hilo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Maneno matano sita ya lugha ya mahali ulipo. Ya Kiganda nimeyaandika chini, na ya kwingine pia.
- Chenji. Sarafu za 500 na 1,000, noti za 2,000 na 5,000. Noti ya 50,000 asubuhi na mapema ni adhabu kwa muuza duka, si wema.
- Bahasha chache nyeupe na kalamu. Utazihitaji siku usiyoitarajia.
- Salio la mobaili mani, na ujue kila mtu wako yuko MTN au Airtel.
- Nguo moja ya heshima: sketi au gauni linalopita magoti kwa mwanamke, suruali ndefu na shati kwa mwanamume. Gomesi (gauni la heshima la wanawake wa Buganda) na kanzu vitakuja baadaye, ukishazoeana na watu.
- Nafasi. Salamu za hapa hazina mbio.

Hatua ya 1: Lainisha Kiswahili chako

Naanza na hili kwa sababu ndilo linalowaponza wengi wetu bila wao kujua. Kiswahili kimekuwa lugha ya jeshi na polisi hapa tangu enzi za ukoloni. Wazee wengi wa Kampala walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani miaka ya 1970, wakati wa Idi Amin, kikiwa mdomoni mwa askari mwenye bunduki. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, lakini kumbukumbu ya mzee hairekebishwi bungeni. Ukimwambia "Lete maji!" au "Njoo hapa!", hata kwa sauti ya kawaida, anaweza kusikia amri.

Kwa hiyo anza na salamu ya Kiganda hata kama utaendelea kwa Kiswahili. Sema "naomba" na "tafadhali" zaidi ya unavyosema nyumbani. Badala ya "Nipe chenji", sema "Naomba chenji yangu, nnyabo." Ssebo ni heshima ya mwanamume na nnyabo ya mwanamke, na huwezi kuyazidisha maneno hayo mawili. Yatie mwanzoni, yatie mwishoni.

Ukiwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyangwali, kambi za polisi za Nsambya, Arua au Bombo kwa Wanubi, Kiswahili ni cha watu wote na hofu hiyo hutaikuta. Huko ongea unavyoongea kwenu.

Hatua ya 2: Shukuru kazi, na uitaje

Neno la msingi ni *webale*. Ukiongea na watu wengi, au na mtu mmoja unayemheshimu sana, sema *mwebale*. Ongeza *nnyo* ukitaka kusema "sana". Mpaka hapo mgeni yeyote anafika. Kazi iko kwenye kipande kinachofuata:

- *Webale kufumba*: kwa aliyepika. Sema baada ya kula, kabla hujanyanyuka. Atakujibu *mwebale kulya*, yaani yeye naye anakushukuru kwa kula.
- *Webale kuvuga*: kwa dereva, au kijana wa boda aliyekufikisha salama.
- *Webale kujja*: kwa mgeni aliyekuja kwako.
- *Webale kulima*: kwa uliyemkuta shambani.
- *Webale kukuuma*: kwa mlinzi wa geti.
- *Webale emirimu*: kwa kazi yoyote usiyoijua jina.

Halafu kuna *gyebale ko*, ambayo ndiyo iliyomshangaza yule wa Nairobi. Hiyo ni salamu ya mchana kutwa kwa mtu yeyote anayefanya kazi au anayetoka kazini. Unapita njiani, unamkuta mtu anachimba mtaro, humjui, mtaro si wako: "Gyebale ko, ssebo." Naye atajibu "Kale, nawe gyebale ko," kisha mnaachana. Wakiwa wengi ni *mugyebale ko*. Jaribu kwa wafagiaji wa barabara wa Kampala, wale wanaoanza kabla ya jua, ambao watu huwapita kana kwamba ni nguzo za umeme. Utaona uso unavyobadilika.

Wewe ukishukuriwa usiseme "hapana, si kitu". Kukana ni kumrudishia mtu shukrani yake. Jibu *kale*, au *kale, webale kusiima*.

Nje ya Buganda neno hubadilika. Busoga ni *webale inho*. Mbarara na Kabale ni *webare munonga*. Gulu na Kitgum ni *apwoyo matek*, Soroti na Kumi *eyalama noi*, Mbale *wanyala*, Kasese *wasingya*, Arua *awa'difo*, Moroto *alakara*. Usijaribu kuyakariri yote leo. Jifunze la unakokwenda, ukiwa ndani ya basi, kwa abiria wa pembeni. Hilo lenyewe litakupatia rafiki kabla hamjafika.

Hatua ya 3: Mwite mtu kwa heshima yake

Shukrani isiyo na jina huku ni nusu. Mama wa mapacha ni *Nnalongo* na baba yao ni *Ssalongo*. Ni heshima kubwa Buganda, na ukishajua mtu ana mapacha usimwite vinginevyo. Mzee wa makamo ya bibi au babu yako ni *jjajja*. Aliyehiji ni *Hajji* au *Hajjati*. Wengine wanatosha kwa Maama Fulani au Taata Fulani, kwa jina la mtoto wao.

Fort Portal na Hoima kuna jambo zuri zaidi. Watooro na Wanyoro wana *empaako*, majina ya upendo na heshima ambayo mtu hupewa juu ya jina lake la kuzaliwa: Akiiki, Amooti, Abwoli, Adyeri, Atwooki, Araali, Apuuli na mengine machache. UNESCO iliuweka utamaduni huo kwenye orodha yake ya urithi unaohitaji kulindwa haraka mwaka 2013. Ukisalimia bila empaako umesalimia nusu. Uliza "Empaako yaawe?" kisha litumie: "Webale muno, Abwoli." Ukikaa nao sana watakupa ya kwako. Ikubali na uikumbuke, maana watakuuliza tena.

Hatua ya 4: Mikono na magoti

Pokea na toa kwa mikono miwili, au kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiugusa kiwiko. Kwa mzee, inama kidogo.

Utakutana na wanawake na wasichana wa Kiganda wanaopiga magoti wanaposalimia, wanapokuletea chakula au wanaposhukuru. Wageni hawatarajiwi kufanya hivyo. Mwanamke mgeni akijikunja kidogo mbele ya mama mkwe au jjajja, amefanya zaidi ya alichotarajiwa, na atasifiwa mpaka jikoni.

Hatua ya 5: Nenda kwa mtu, na usiende mtupu

Hapa ndipo wema wa Uganda ulipo hasa. Mtu akikufanyia jambo kubwa, kama kukutafutia chumba, kukudhamini au kukaa nawe hospitali, ujumbe wa simu hautoshi hata ukiupamba kwa mioyo na maua. Unatakiwa uende kwake.

Kwanza, mwarifu siku moja au mbili kabla. Kumshtukiza mtu mjini ni kumtia gharama: ataacha shughuli zake aanze kutafuta kuku.

Pili, beba kitu. Vinavyopokelewa kwa furaha katika nyumba nyingi ni sukari, mkate, sabuni ya mche, majani ya chai, chumvi, na ukiweza, kilo ya nyama. Ukienda kijijini, tia mkazo kwenye vitu vya dukani, kwa sababu chakula wanacho. Nimeona mtu anabeba mkungu wa matoke kutoka soko la Nakasero kuupeleka Masaka, kwa mkulima wa ndizi. Walimpokea vizuri, ila walicheka mpaka jioni. Funga vitu vyako kwenye kikapu, au hata kaveera (mfuko wa plastiki), umpe mama wa nyumba kimyakimya ukiingia. Si lazima avifungue mbele yako, na usimsubiri afungue.

Tatu, kula. Ukikataa chakula umekataa nyumba. Kama umeshiba, omba kidogo, lakini kitie mdomoni. Kama kuna nyama usiyoila kwa sababu ya dini yako, sema mapema siku ile ya kuarifu. Wakristo na Waislamu hapa wameishi nyumba kwa nyumba muda mrefu, na mwenyeji mwerevu atamtafuta Mwislamu wa jirani amchinjie. Ukisema sahani ikiwa imeshafika mezani, unamvunja moyo.

Nne, taja sababu ya safari yako. Watu wetu wengi hufika, hula, hucheka, huondoka, na lile neno halikutoka. Subiri mkishamaliza kula, kisha useme wazi: "Nimekuja kushukuru kwa sababu siku ile ulifanya hivi na hivi." Iseme mbele ya watu wa nyumbani kwake. Watoto wakisikia baba yao alifanya nini, umempa kitu ambacho sukari haiwezi kumpa.

Tano, pokea utakachofungashiwa. Mara nyingi hutoki mtupu: ovakado, mayai, nusu mkungu, na ukiwa na bahati, jogoo aliye hai. Usikatae kwa kisingizio cha usafiri. Mfunge jogoo miguu, mtie kikapuni, kichwa nje. Makonda wa taksi, yaani daladala za hapa, wamezoea. Kitu kimoja tu: usimuuze pale stejini. Habari za jogoo aliyeuzwa hurudi kijijini kabla yako.

Sita, mwenyeji atakusindikiza mpaka barabarani, mwache. Ukifika kwako piga simu useme umefika. Simu hiyo ni sehemu ya shukrani, na mtu asiyeipiga hukumbukwa.

Na kama sahani au bakuli lao limebaki kwako, lisirudi tupu. Sisi wa pwani tulizaliwa na desturi hiyo, na hapa inaeleweka vizuri sana. Embe mbili zinatosha.

Hatua ya 6: Ukituma pesa, tuma na ya kutolea

Mtu amekupa nauli ya dharura ya 20,000, unamrudishia 20,000 kamili kwa simu. Umemrudishia pungufu. Akienda kwa wakala atakatwa ada ya kutoa, na tangu mwaka 2018 kuna kodi ya serikali pia, asilimia 0.5 ya kinachotolewa. Ongeza hiyo. Kama ni shukrani, iongeze bila kuisema.

Angalia jina linalotokea kabla hujabonyeza. Kisha piga simu. Pesa inayoingia bila sauti ya mtu humwacha mpokeaji akijiuliza kama ni malipo, zawadi, au mtu amekosea namba.

Hatua ya 7: Wagonjwa na misiba

Hospitalini, fikiria watu wawili. Kwenye hospitali za serikali kama Mulago, mgonjwa hana budi kuwa na mtu wake wa kumuuguza: kumlisha, kumfulia, kukimbilia dawa. Waganda humwita *mujjanjabi*. Wageni wote huja na maziwa na matunda ya mgonjwa. Mwuguzaji amelala sakafuni siku ya tatu, hakuna aliyemuuliza amekula nini. Mletee yeye uji kwenye chupa ya chai, maji ya kunywa, muda wa maongezi, shuka safi. Au mwambie: "Nenda nyumbani ukaoge, mimi nitakaa mpaka saa kumi na mbili." Kwangu mimi hiyo inashinda maua yote. Uliza pia kama mgonjwa anahitaji damu. Damu yote inayotumika hospitalini imetolewa bure na mtu mwingine, na benki kuu ya damu iko Nakasero, Kampala.

Neno la kumpa mgonjwa pole ni *ng'olabye*. Ukimkuta mtu amepona, au amerudi safari salama, mwambie *kulika* au *kulikayo*.

Msibani, neno ni moja: *kitalo*, au *kitalo nnyo*. Usitafute hotuba. Shika mkono, sema kitalo, kaa chini.

Mchango wa msiba Buganda unaitwa *mabugo*. Zamani watu walileta vitambaa vya gome la mti wa mutuba vya kumviringishia marehemu. Siku hizi wengi huleta bahasha, ingawa vitambaa vyenyewe bado vipo. Andika jina lako juu ya bahasha. Kwa kawaida kuna mtu mwenye daftari anayeandika majina na kiasi, na familia hulisoma baadaye ili ijue nani wa kushukuriwa na nani wa kurudishiwa siku yake ikifika. Kiasi? Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Kwa jirani wa kawaida, 5,000 au 10,000 haimwaibishi mtu. Kwa mwenzako wa kazini au mwenye nyumba wako, uliza wenzako wanatoa ngapi ufanane nao. Usiwazidi sana. Kutoa mara tano ya wengine ni kujionyesha, na kunawabana wao.

Angalizo: Waislamu huzika upesi, mara nyingi siku hiyo hiyo. Ukisema "nitakwenda kesho" umekosa. Wakristo wengi huzika alasiri, kijijini kwao, na basi la kukodi halikungoji.

Hatua ya 8: Jitokeze mtaani

Ukihamia, nenda kwa mwenyekiti wa LC ya kwanza, yaani baraza la kijiji au mtaa, ujitambulishe. Watu huliona jambo hili kama la karatasi tu, kwa sababu siku moja utahitaji barua yake, lakini pia ni adabu: amejua nani analala kwenye mtaa wake. Ukitoa malipo ya barua, omba risiti.

Kisha kuna *bulungi bwansi*, kazi ya pamoja ya kuzibua mitaro, kusafisha kisima na kufyeka njia. Buganda huiadhimisha tarehe 8 Oktoba, ila mitaa mingi ina siku zake. Njoo na jembe lako. Mgeni anayezibua mtaro na majirani saa mbili hupata heshima kuliko aliyetoa 50,000 akabaki kitandani.

Tarehe 3 Juni, siku ya Wakristo Mashahidi wa Uganda, mahujaji humiminika Namugongo, wengine kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania. Ukiwa unakaa njiani, weka ndoo ya maji safi na vikombe nje ya geti. Kati yao wamo wanaoongea Kiswahili kama wewe.

Hatua ya 9: Wanaokutumikia kila siku

Nitasema kwa ufupi. Dada wa kazi, mlinzi, fundi, mfuaji: lipa siku uliyoahidi. Asante kumi juu ya mshahara uliochelewa ni kejeli. Ukishalipa, ndipo uongeze neno, nguo, karo kidogo ya mtoto, au siku ya kupumzika. Kijana wa boda, patana naye bei kabla hujapanda. Mkifika na mvua imewapiga wote, mwachie chenji. Usimbane mpaka shilingi mia ya mwisho halafu jioni ukaingia hotelini ukaacha bakshishi ya 10,000.

Pa kusimama

Ofisi ya serikali. Karani amekuhudumia haraka, unasikia mkono unaingia mfukoni. Utoe mtupu. Sheria ya Uganda ya kupambana na rushwa, ya mwaka 2009, inahusu pesa na takrima pia, na ulichokiita chai kinaweza kuitwa kitu kingine mbele ya hakimu. Ukitaka kumshukuru, mwandikie mkuu wake barua yenye jina la mtumishi na alichofanya. Barua kama hiyo ni adimu, na humfaa mtu wakati wa kupandishwa cheo.

Watoto wa mitaani Kampala. Wanakaa kwenye taa za barabarani mikono mbele, na moyo unakuuma. Lakini tangu mwaka 2019 jiji lina sheria ndogo inayokataza kuwapa watoto hao pesa, chakula au nguo mitaani. Adhabu yake ni faini au hata kifungo. Sababu ni kwamba nyuma ya wengi wao kuna mtu mzima anayewatuma na kukusanya. Peleka ulichonacho kwenye kanisa, msikiti au kituo kinachowalea, tena ukione kituo kwa macho yako kwanza.

Picha. Usimpige picha uliyemsaidia. Kama lazima umpige, basi hukumsaidia yeye.

Mambo yakikwama

*Nimesema webale, ameendelea Kiganda kwa kasi na mimi nimepotea.* Umeitamka vizuri, ndiyo shida. Cheka, sema "Kale, ssebo", rudi kwenye Kiswahili polepole. Hakuna atakayekuchukia.

*Binti wa mwenye nyumba amepiga magoti, nikaona haya nikamvuta ainuke.* Usimvute. Itikia salamu upesi, pokea kwa mikono miwili, mshukuru. Kadiri unavyobabaika ndivyo anavyozidi kukaa chini.

*Amekataa zawadi yangu.* Mara ya kwanza huenda ni adabu tu. Mwambie ni ya watoto, au ya jjajja. Akikataa tena, iache. Labda anaogopa deni, au anaona ni malipo ya alichokifanya bure. Mrudie baada ya wiki chache na kitu kidogo zaidi, bila kutaja jambo lile.

*Nilisaidiwa mwaka jana, sikuwahi kushukuru, sasa naona aibu.* Nenda leo. Taja jambo lenyewe na mwezi wake. Shukrani iliyochelewa hupokelewa vizuri kuliko unavyofikiri. Kinachoharibu ni maelezo marefu ya kwa nini ulichelewa.

*Sina pesa ya mabugo.* Nenda hivyo hivyo, tena mapema. Kuna viti vya kupanga, maji ya kuteka, kuni, masufuria ya kusugua, matoke ya kumenya. Jina lako halitakuwa daftarini, lakini waliokuwa jikoni wanakujua.

*Niliyemsaidia mara moja sasa anakuja kila wiki.* Mpe jibu lenye mpaka, bila hasira: "Mwezi huu sina, ila Jumamosi nitakuja tusaidiane kazi." Kama shida yake ni ya kudumu, mwunganishe na chama cha majirani. Mitaa mingi ina *munno mukabi*, vyama vya kufaana wakati wa shida, ambavyo watu huchangia kidogo kidogo. Jiunge nawe pia, kabla hujawahitaji.

*Nimepata ujumbe kuwa nimetumiwa 150,000, kisha mtu analia kwenye simu kwamba alikosea namba, nimrudishie.* Usirudishe chochote kwa huruma. Angalia salio lako kwanza. Mara nyingi hakuna kilichoingia, na ujumbe umetoka kwenye namba ya mtu wa kawaida, si ya mtandao. Hata kama pesa imeingia kweli, mwambie apige simu kwa kampuni yake ya simu iizuie na kuirudisha wenyewe, na wewe usiiguse mpaka hapo. Aliyekosea kweli atakubali. Mwenye nia nyingine atakutukana na kukata simu.